Roboti ya Taifa Imefungwa Nati Ukumbini Kwangu

Bi Hakima mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Idi Kubwa, maana ukija baada ya hapo hautanifaa kitu. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mutsamudu, kisiwani Nzuani. Nilisoma sekondari Unguja kwa shangazi yangu, na tangu wakati ule gazeti lenu naletewa na wafanyabiashara wa vitambaa, limechelewa lakini zima. Tarehe nitakazokupa si za kukisia, kwa sababu kila siku huandika yaliyotokea. Majina usijisumbue kuyaficha. Nyumba yenye roboti Mutsamudu ni moja tu.

Mume wangu Irchad ni mhandisi wa mitambo, na karibu nusu ya ndoa yetu ameishi Ufaransa akifanya kazi katika kampuni inayosanifu roboti za viwandani, na kabla hujafikiri walivyofikiri watu wa hapa, roboti hizo si watu wa chuma wenye vichwa na macho, ni mkono mmoja mrefu, kama mkono wa pandikizi la mtu uliotolewa begani ukafungwa sakafuni, unaoinua mlango wa gari na kuuweka mahali pake, kisha mlango mwingine, kisha mwingine, mchana kutwa, bila kuomba ruhusa ya kwenda kusali. Na mume wangu hasanifu mkono mzima. Yeye ni wa kifundo. Pale karibu na vidole, mkono unapogeuka huku na huku, kuna gia zinazoenea ndani ya kikombe cha kahawa, na kazi yake ya miaka yote imekuwa kuhakikisha gia hizo hazitetemeki wala hazivuji mafuta. Mabega ni ya wengine, viwiko ni vya wengine, na waliosanifu mabega, aliniambia siku moja, hawakuwahi kumwalika hata chakula cha mchana.

Kampuni ilipokuwa ikitupa roboti zake za zamani, Irchad akaomba moja, wakampa, ikaja kwa kontena mwezi Juni 1997, naye akafuata Julai kwa likizo ili tupange harusi ya binti yetu Oumaima. Nia yake ilikuwa njema kabisa, roboti ipande Patsy, kijiji cha juu ya mji, kwenye kiwanda cha binamu yangu cha kukamua mafuta ya mlangilangi, ikainue mapipa yanayowavunja watu migongo, lakini kwa kuwa binamu alikuwa hajamaliza sakafu ya zege, Irchad akaniomba niihifadhi ukumbini kwangu wiki moja. Wapagazi wakaileta kutoka bandarini vipande vipande, maana vichochoro vyetu unavijua, punda wawili hawapishani. Tarehe 3 Agosti wakubwa wetu wakatangaza kwamba Nzuani imejitenga na serikali ya Komori iliyoko Moroni, na wiki ile bado haijaisha.

Desturi yetu ni kwamba nyumba ni ya mwanamke. Hii alijengewa nyanya yangu alipoolewa, ikaja kwa mama, ikaja kwangu, na itakwenda kwa Oumaima, ambaye ataolewa ndani ya ukumbi huu huu, na mumewe atahamia hapa kama Irchad alivyohamia. Mchumba wake anaitwa Mdahoma, ni kijana wa Ikoni, karibu na Moroni, alikuwa akifundisha hesabu hapa mpaka mambo yalipoharibika akarudi kwao. Harusi tumeipanga baada ya Idi Kubwa.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Tarehe 9 Oktoba alikuja Bwana Ridjali. Kabla ya Agosti Bwana Ridjali alikuwa akiziba pancha bandarini, na alikuwa fundi mzuri. Leo ni Mkurugenzi wa Taifa wa Mitambo na Ulinzi wa Baadaye, na pancha zimebaki bila mtu. Wanajeshi wa Moroni walikuwa wamekuja Septemba wakarudishwa, kwa hiyo kila mtu alikuwa akitafuta cha kuwarudishia mara ya pili. Nikamtengea kahawa na mkate wa sinia.

"Shemeji, mkono wako hauna mfano," akaniambia mdomo ukiwa umejaa. Kisha akaukazia macho ule mkono mwingine, uliolala pembeni vipande vipande. "Irchad, hiki kinapiga risasi?"

"Hakipigi. Kinashika."

"Kinashika nini?"

"Mlango wa gari."

"Na mtu je?"

"Mtu akisimama mahali pa mlango, ndiyo, lakini kwa nini mtu asimame—"

"Kinashika watu," Bwana Ridjali akamwambia karani wake, na karani akaandika.

Ijumaa iliyofuata mume wangu alikaribishwa safu ya mbele msikitini, na baada ya sala watu wazima walimshika mkono mmoja mmoja wakamwita Mhandisi, na alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Novemba akatoboa sakafu. Nilikuwa jikoni nikasikia drili, nikakimbia nikamkuta amepiga magoti kwenye chokaa aliyoichanganya nyanya yangu, mashimo manne, na bolti ndefu kama mkono wa mtoto.

"Baba Oumaima, ulisema wiki moja."

"Lazima ifungwe, mama Oumaima. Haina macho. Inajua mkono wake uko wapi kwa kupima kutoka kwenye kitako. Kitako kikilegea, inajua kila kitu isipokuwa mahali ilipo, na haijui kwamba haijui. Itaendelea kufanya kazi kwa nguvu zake zote, pembeni ya mlango."

"Basi iko tayari kuwa waziri."

Hakucheka. Wiki ile kulikuwa na uvumi kwamba yeye atapewa uwaziri.

Kwa kuwa risasi haipigi, ikaamuliwa ipandishe bendera. Dirisha la ukumbi wangu linatazama uwanja mdogo mbele ya msikiti, na wageni wa upatanishi kutoka nje walikuwa wakitarajiwa, basi roboti iushike mlingoti ndani, iutoe dirishani, iusimamishe, dunia ione kwamba hii ni nchi yenye viwanda. Irchad akaifundisha kwa kile kisanduku chake cha vitufe, nukta moja baada ya nyingine, kwanza kwa bendera ya Ufaransa, maana wakubwa wetu walitaka turudi kwa Wafaransa, ingawa wenyewe walikuwa wameshatuambia kwamba hawatutaki, halafu ikaja amri kwamba sasa ni bendera yetu wenyewe, nyekundu, yenye mlingoti mzito zaidi, akaanza upya. Katika kuanza upya iligonga zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya ukutani, mbili zikaanguka na bakuli za mama.

Tarehe 27 Desemba walifanya majaribio mbele ya watu. Umeme ulivutwa kwa waya kutoka jenereta ya ofisi ya Bwana Ridjali. Mkono ukainuka vizuri, sitakataa, kifundo kikageuka bila kutetemeka hata kidogo, na watu wakasema maashallah, kisha dizeli ikaisha na breki zikashika. Bendera ikasimama nusu.

Bi Hakima, haikuchukua muda mlango wangu ukajaa wanawake waliojifunga shiromani za kwendea msibani.

"Nani katutoka, bweni?" wakaniuliza, na bweni kwetu ni bibi wa heshima.

"Hakuna aliyekufa, dizeli imekwisha."

"Usitufiche. Ni yule mnene wa bandari?"

"Huyo hafi, tumeshamjaribu. Ni yule mrefu wa redioni."

"Ee Mungu, wawe wote wawili."

Kila mmoja akataja jina alilolipenda, na sikuona chozi kwa jina lolote. Fundi Inzoudine, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akasoma Fatiha palepale uwanjani, akasema dua haipotei, itamfikia anayestahili. Bi Dhakia, mke wa Bwana Ridjali, naye alikuja, akauzunguka mkono wa chuma akiwa ameshika vazi lake lisiguse, akasema, "Umekupendeza, dada. Kwangu usingeingia. Kwangu pana mazulia."

Habari za bendera zikavuka bahari, na huko Moroni wakaanza kuambiana kwamba Nzuani ina mkono wa chuma unaokamata watu. Tarehe 5 Februari akaja mfanyabiashara wa vitambaa na ujumbe wa mdomo kutoka kwa mzee Moindjié, mjomba wa Mdahoma, ambaye bila neno lake kijana haoi. Mfanyabiashara akausema huku amesimama wima, kama alivyofundishwa: "Kijana wetu hawezi kulala nyumba moja na silaha ya waasi. Iondoke kabla ya Idi Kubwa, au posa irudi." Kisha akaketi, akapokea kahawa, akainama karibu yangu. "Na kuna neno la pili, hili la faragha. Mzee anauliza, mumeo akipata nafasi, Moroni nao wangependa moja. Iwe kubwa kidogo kuliko hii."

Oumaima halii. Anakaa ukumbini akishona kofia ya bwana harusi na nguo zake mbichi anazitundika kwenye mkono wa taifa, na nikimtazama hivyo ndipo moyo unaniuma, maana angelia ningejua la kumwambia.

Juzi Bwana Ridjali amesema ukumbi wangu utatangazwa kuwa Taasisi ya Taifa ya Roboti, na kibao kimeshapakwa rangi. Irchad aliendelea kufuta kifundo kwa kitambaa. Na mimi namwelewa, hilo ndilo linalonishinda. Ni kazi ya maisha yake, nzuri kwelikweli, nami nilipoiona ikigeuka dirishani nilijivuna kwa siri, na hapa kwa mara ya kwanza watu wanamwuliza habari zake. Nikimpinga nitamvunja, na mjini nitaitwa msaliti. Nikinyamaza, binti yangu hataolewa. Nikiipeleka harusi nyumbani kwa dada yangu, Oumaima atasemwa maisha yake yote kwamba ni mwanamke asiye na nyumba. Spana najua iko wapi. Nivumilie, nihame, au nifungue nati zile mwenyewe?

Wako,
Mama Oumaima, mwenye nyumba, Mutsamudu
12 Februari 1998

*

Mama Oumaima,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili nimekasirika, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mngazija wa Ikoni aliyezikwa hapa Unguja, kwa hiyo desturi ya nyumba usinieleze, nilinyonya nayo. Mwanamume huingia nyumba ya mkewe na mkeka wake na heshima yake. Hana idhini ya kuhamisha mtungi, sembuse kutoboa sakafu. Unaniuliza kama una haki? Haki unayo tangu nyanya yako alipochanganya chokaa ile. Hiyo serikali ina miezi sita. Nyumba yako ina wanawake watatu, na wa nne anashona kofia.

Nakupa pole, na pole yangu ni ya kweli. Sasa nikukaripie. Huyo Mkurugenzi wa Pancha alikujaje mara ya pili? Kwa mkate wa sinia. Umekaa barua nzima ukilalamika kwamba watu hawatoki ukumbini mwako, na kila wanapoingia unawatengea kahawa! Mpaka yule aliyekuletea habari ya kuvunja posa ya mwanao ulimpa kikombe. Funga jiko. Kuanzia leo mjumbe yeyote wa taifa lolote akija apewe maji, tena ya mtungini, na kiti kisicho na mto. Utaona jinsi ulinzi wa baadaye unavyoharakisha kurudi ofisini.

Kosa lako la pili ni kubwa zaidi. Umeniandikia mimi, mwanamke usiyemjua, kwamba kifundo kile ni kizuri na kwamba ulijivuna. Mumeo je, umemwambia? Sikuona mahali uliposema. Ulimwambia kwamba roboti yake inafaa kuwa waziri, mzaha mzuri, nami nitauiba, lakini mtu aliyekaa nusu ya ndoa yake ugenini na gia ndani ya kikombe alikuwa akingoja mtu mmoja amwulize, "Hii inafanyaje kazi?" Bwana Ridjali alimwuliza. Aliuliza upumbavu, lakini aliuliza. Basi leo alasiri kaa naye chini, mwambie akifungue kifundo mbele yako akueleze kila jino la kila gia, na usinyanyuke mpaka amalize hata kama hukuelewa. Hapo ndipo umwambie kwamba sakafu ya kuifungia roboti iko Patsy, kwenye mapipa yanayovunja migongo, na kwamba mapipa hayabadilishi bendera. Hutakuwa umemvunja. Utakuwa umemrudisha kwenye nia yake ya Juni.

Spana usiiguse. Akifungua yeye amehamisha mtambo wake. Ukifungua wewe umepindua serikali.

Sasa kuhusu kibao cha Taasisi. Usibishane na Bwana Ridjali hata neno moja. Vaa shiromani yako nzuri, nenda asubuhi kwa Bi Dhakia, mpongeze. Mwambie umesikia kwamba Roboti ya Taifa inahamia ukumbini kwake, kama inavyostahili nyumba ya mkurugenzi, na kwamba wewe nyumba yako ni duni na ulikuwa ukiihifadhi tu. Mweleze mashimo ni manne. Mwonyeshe kwa mkono bolti zina urefu gani. Mpe habari ya mafuta, kwamba ikiwa mpya haivuji lakini hii si mpya. Kisha tazama mazulia yake kwa huruma, useme kwaheri. Hutakuwa umesema uongo: kama kibao lazima kitundikwe mahali, haki yake ni mlangoni kwa mkurugenzi. Wakubwa wenu wamewarudisha wanajeshi wa Moroni, sawa, lakini bado hawajakutana na Bi Dhakia. Jioni hiyo hiyo utaletewa habari kwamba taifa limefikiri upya, na kwamba Patsy ndiko mahali pa viwanda.

Mzee Moindjié ni dawa ile ile, chupa nyingine. Mjibu kwa heshima zote, kwa mdomo wa yule yule mfanyabiashara, aseme akiwa amesimama: silaha imeondoka, karibuni harusini. Na lile la faragha aliseme ameketi, tena mbele ya mke wa mzee: mhandisi yuko tayari kuwatengenezea na ninyi, kubwa zaidi kama mlivyoomba, anauliza tu ni ukumbi wa nani utakaotobolewa. Watu wa Moroni na watu wa Mutsamudu wanasema hawafanani hata kidogo. Wajaribuni kwa swali hilo muone.

Kwa dada yako usihame. Anayehama kwake kwa wiki moja, nawe wiki zako unazijua.

Harusi iwe baada ya Idi Kubwa, ndani ya ukumbi wako. Zidaka zilizoanguka Irchad azijenge mwenyewe, mtu wa kifundo hashindwi na chokaa, na akimaliza msifu mbele ya watu. Lakini yale mashimo manne usimruhusu ayazibe, wala usitandike mkeka juu yake. Yaache wazi katikati ya ukumbi mpaka bwana harusi aingie. Mwalimu wa hesabu atayahesabu tu. Akiuliza ni ya nini, Oumaima amweleze yeye mwenyewe, taratibu, kabla hajaweka mswaki wake ndani ya nyumba hiyo.

Bi Hakima